Sindano Zangu Ndani ya Kifaru Chako

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma ufunge kwa komeo.

Asubuhi nimekuta sweta la mjukuu wetu limefumuka, sindano zangu za kufumia hazipo. Kumbe umezikata ziwe ekseli za kifaru chako cha rimoti, eti magurudumu mapya ya chuma yamezipinda zile za plastiki! Mzee mzima, haya huna hata chembe. Ulibaki mkono mmoja tu nimalize.

Nimekwenda kwa binti yetu. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi siku utakayoniletea sweta limekamilika. Rimoti naondoka nayo, usije ukasema umekosa muda. Uzi nimekuachia hapa mezani.

Sindano unajua zilipo.

Bibi wa mtoto