Majina ya Samaki Ndani ya Chuma

Tonton Likaka, fundi wangu,

Mashini yako imeamka. Naanza na hilo, maana hata huko uliko hutauliza habari za mtu yeyote kabla ya kuuliza za mashini.

Siku tulipokuzika, Mama Asha mke wako alizima redio, akashusha saa ukutani, kisha akaifunga ordinatere, hii kompyuta yako, kwa maliputa, vitenge vyake viwili vyeusi. "Nayo iko na matanga," alisema. "Siku makumi ine, hakuna mutu kuigusa." Nani angebishana na mjane wa Kindu? Mimi mwenyewe nilimsaidia kukaza fundo. Bon. Yalikuwa majira ya mvua, na unaijua Kisangani yetu: hata chumvi inalia ndani ya kopo.

Arobaini ilipokwisha tukaifunua. Kioo kikawaka, kikaandika kwamba hakioni diski. Mama Asha akakaa chini, sakafuni. Majina yako ya samaki, Tonton, yote yalikuwa mle! Miaka sita ya kuwauliza wavuvi wa Yanonge kila samaki anaitwaje, na wengi wao walikwisha kukutangulia. Daftari ulizichoma mwenyewe: "Muchwa haikule chuma." Ulisema kweli. Mchwa hawakuhusika.

Fundi mmoja wa uwanja wa ndege wa Bangboka, suti safi ya abacost, kalamu tatu mfukoni, aliitazama kwa mbali. "Citoyenne, hii imekufa pamoja na mwenyewe." Mama Asha akaanza matanga upya.

Ulizoea kunitania pale karakanani, kati ya redio tulizotengeneza: "Weye Bolamba iko na macho ya mwizi. Unaangalia tu, unaiba kazi." Ni kweli, niliiba. Niliiba hata ile mbinu yako ya feni ya dari iliyokataa kuzunguka kila asubuhi, na wewe ukiisukuma ubawa kwa mti wa ufagio: "Haiyakufa, imelala. Mutu wa kulala unamushika bega."

Basi jana asubuhi nikafungua sanduku. Nikaiwasha, nikaweka ncha ya turnevisi, ile bisibisi yako, juu ya diski, mpini sikioni. Ndani kulikuwa na mguno mdogo, kama wa mtu anayetaka kuinuka na shuka imemzonga. Unyevu ulikuwa umeigandisha. Nikazima, nikaitoa diski bila kuchomoa nyaya zake, nzito kama tofali, Mama Asha akawasha tena, nami nikaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono. Bure. Nikarudia.

Tonton, ikaimba. Mlio mwembamba, ukipanda, ukipanda, kisha herufi za kijani zikajaza kioo: samaki, samaki, samaki. Mimi, ninayepata cha kuchekea hata kwenye mikutano ya Chama, niliinamisha kichwa. Wazee waliokufa walikuwa wakitaja majina, mmoja mmoja, kutoka kwenye kiganja changu. Diski ilikuwa na joto. Sikuthubutu kuishusha. Mama Asha ndiye aliyeingiza disketi, kila moja na bismillahi yake, mpaka tukawa na nakala tatu. Na umeme wa mji huu, ambao haujawahi kumngoja mtu, ulitungoja.

Mstari wako wa mwisho nimeusoma mara nyingi: "Mudogo, milia mbili, wa kwenye mawe. Jina: bado. Kuuliza Yanonge."

Jumatatu napanda pirogi, mtumbwi wa kwenda Yanonge. Nitauliza, na nikilipata jina nitaliandika kando ya ile "bado" yako. Yenyewe sitaifuta.

Lala, Tonton. Wewe hatukushiki bega.

Mwizi wako,
Bolamba