Niliwasomea Watoto Mwisho Ambao Haukuandikwa

Mpendwa mshauri,

Kwa miaka kumi na moja nimeliandikia gazeti hili barua za kuwasema wengine, na leo naomba msaada kwa sababu wa kusemwa ni mimi, na kalamu imekuwa nzito.

Mimi ni mtumishi wa kilimo, mkazi wa Nangara hapa Babati, umri wangu miaka arobaini na tisa, msomaji mkubwa, na mji mzima unanijua kwa ubishi. Kila Jumamosi mchana huwasomea vijana katika chumba cha maktaba kilichobaki tangu kampeni ya elimu ya watu wazima, maana karatasi hakuna nchini na kitabu kipya kikifika ni nakala moja kwa mji mzima, kwa hiyo mmoja husoma na wengine husikiliza. Hivyo ndivyo tulivyosoma vitabu vinne vya Walinzi wa Kisima, vya Mwalimu Eliakunda wa Same, hadithi ya binti Tamuli anayeshuka chini ya ardhi kumtafuta Mfalme Kiza aliyeyafunga maji yote, na cha tano, cha mwisho, tulikingoja miaka miwili tukibishana jinsi dhalimu yule atakavyoangamizwa, mbishi mkubwa nikiwa mimi.

Kilipofika nilikisoma kwanza peke yangu, nikakasirika. Tamuli anamkuta mfalme amekonda, ana kiu, amesahau namna ya kukifungua kisima alichokifunga mwenyewe, na binti, badala ya kumchoma mkuki, anauvunja, anamchotea maji, kisha anarudi kijijini kuchota kama wasichana wengine. Nikasema, watu wanapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na huyu mwandishi anatufundisha kumnywesha aliyefunga maji? Jumamosi, nilipofika ukurasa wa tisini na moja, niliendelea kukitazama kitabu na kugeuza kurasa kama kawaida, lakini maneno yaliyonitoka yalikuwa yangu. Tamuli wangu alimsukumia mfalme pangoni, akaviringisha jiwe mlangoni, akakalia kiti chake. Watoto walipiga makofi mpaka vumbi likaanguka darini, nami nikajiona mwandishi.

Fabiola, binti wa miaka kumi na minne wa kule Singe, hakupiga makofi. Alisubiri wenzake watoke, akaniamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, akasema, "Baba, huyu si Tamuli. Vitabu vinne amewapa maji hata fisi." Nilimwambia akikua ataelewa.

Vijana ishirini na watatu wakamwandikia mwandishi kumsifu kwa lile jiwe. Jibu lilipokuja nililichukua mimi posta nikalifungua. Aliwashukuru, akasema jiwe hakuliandika yeye, akaomba wafungue ukurasa wa tisini na sita, pale Tamuli anapochota maji, wamweleze wanaona nini. Nikashikwa na woga, nikaifukia barua pamoja na kitabu ndani ya debe la mbegu za maharage lililo chini ya kitanda changu, kisha nikatangaza kwamba kitabu hakionekani.

Sikumtaja mtu. Ila mtunza maktaba ni Mama Romani, na dada yake anauza karanga stendi, akizifunga kwa karatasi yoyote anayoipata, na wiki haikuisha watoto wakawa wanafungua vifuko vya karanga kutafuta jina la Tamuli, wakisema Mama Romani ameuza kurasa. Alhamisi iliyopita alifika kazini akakuta jiwe kubwa limeviringishwa mlangoni, limeandikwa kwa mkaa MFALME KIZA. Nilikuwa napita. Aliniomba nimsaidie kulisukuma, tukalisukuma pamoja, naye akijifuta mikono akaniuliza, "Hivi kitabu chenyewe kinasema nini hasa, mpaka watoto wanichukie hivi?" Nikamjibu kwamba sikumbuki vizuri.

Kamati ya maktaba, ambayo nami ni mjumbe, itakutana Jumatatu ijayo kumnyang'anya ufunguo. Mshauri, watoto wale ndio watu pekee mjini wanaonisikiliza bila kunibishia. Je, nikitumbukize kitabu nyuma ya kabati kiokotwe, au niombe uhamisho? Jina langu tafadhali lifiche.

Msomaji Mkubwa, Nangara

*

Msomaji Mkubwa,

Jina nimelificha, lakini jiwe, karanga na maharage nimeviacha. Gazeti hili hufika Babati Ijumaa, basi likipata dizeli, na hata jioni haitafika kabla watu hawajakujua. Una saa chache za kusema kabla hujasemwa.

Nakuonea huruma kwa jambo moja. Ulikipenda kitabu hadi kikakuumiza, na kuukasirikia mwisho ni haki ya msomaji. Ungekifunga ukawaambia watoto kwamba mwisho ule unaukataa, mngebishana mpaka mvua za vuli, na hapo ungekuwa umewafundisha kusoma. Hukutaka. Uliogopa wangempenda Tamuli wa Mwalimu Eliakunda kuliko wako. Mbishi wa mji mzima, umemwogopa binti wa miaka kumi na minne.

Nimetoa barua zako kwenye jalada. Mwezi wa nne mwaka huu ulitaka wanaoficha sukari chini ya vitanda watajwe hadharani. Sasa chini ya kitanda chako kuna mali ya umma, na mji una moja tu. Tena mlanguzi wa sukari angalau huuza sukari. Wewe uliwapa watoto maneno yako ukayabandika jina la mtu mwingine.

Na jiwe lile ni lako. Mkaa waliushika watoto, lakini walifuata mwisho uliowapa. Mwanamke aliyeonewa alikuuliza kitabu kinasema nini, nawe, uliyekuwa na jibu lote kichwani, ukasema hukumbuki. Hilo ndilo baya kuliko yote, na nadhani unalijua, vinginevyo usingeniandikia.

Nyuma ya kabati, hapana. Kikiokotwa hapo, Mama Romani ataacha kuwa mwizi awe mzembe, nawe utabaki msomaji mkubwa. Uhamisho pia hapana. Utahama na mdomo huohuo.

Ukimaliza kusoma hapa, kung'uta maharage, uende kwa Mama Romani nyumbani kwake. Mkabidhi kitabu na barua ya mwandishi mkononi, umweleze yote yeye kabla ya mtu mwingine. Akikufukuza, ondoka. Kutoka hapo nenda kwa mwenyekiti wa kamati, ukiri kwa maandishi, na ujumbe wako wa kamati uuache mezani pake.

Jumamosi, watoto wakishakaa, sema sentensi tatu. Kitabu nilikificha mimi. Mwisho mliousikia ni wangu. Mama Romani hakuuza hata ukurasa. Usiongeze ya nne, nakujua, hiyo itaanza kueleza hali ya uchumi. Baadaye mwandikie Mwalimu Eliakunda umtake radhi, na ukishamtaka radhi mbishie mwisho wake upendavyo, kwa jina lako mwenyewe.

Kisha mpe Fabiola kitabu, asome kuanzia ukurasa wa tisini na moja. Wewe kaa mkekani pamoja na watoto. Mkono ukitaka kuinuka kupinga, ukalie.