Kofia Anakufa Mwishoni

Papa,

Kofia anakufa. Nimeiangalia ile filamu Jumatano, peke yangu, sauti ikiwa juu, mpaka yale majina ya mwisho yakapanda yote. Hanywi maji kisimani akapanda farasi akaenda zake. Anapigwa risasi ya tumbo palepale kisimani, na anachukua muda mrefu kufa. Miaka yote hiyo umetudanganya, Papa! Nilicheka. Halafu nikalia mpaka pua ikaziba, nikaizima televisheni kwa hasira, utafikiri yenyewe ndiyo yenye kosa.

Naandika kwa Kiswahili. Ulikuwa ukisema Kiswahili changu kimelala kwenye friji, na ulikuwa na haki, maana ukiniuliza kwa Kiswahili nilikujibu kwa Kiswidi, tena kwa kifupi, tena macho yakiwa kwenye simu. Sasa hakuna wa kunisahihisha. Vumilia.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Mama bado anapika kwa sufuria ileile kubwa, na mpaka wiki iliyopita alikuwa akinipigia nije kwake Skärholmen kuchukua kilichobaki. Yule Mpolandi uliyekuwa unasafisha naye maofisi ya Kista alikuja na maua, akalia kuliko ndugu zetu wote, akamwambia Mama ulikuwa ukimgawia chakula chako kila mchana. Mama hakujua. Alidhani unapenda kula sana. Na Jumamosi hakuna anayekuja tena.

Jumamosi zetu, Papa. Baada ya chakula cha mchana sebule inajaa: Wakongo, Warundi, yule mama wa Kigoma na wanawe, sisi watoto chini kwenye zulia. Unazima sauti, unasimama pembeni ya televisheni umeshika mwiko, kwa sababu maikrofoni yako ilibaki kwetu Uvira pamoja na banda lako la video, ulikokuwa ukiwatafsiria watu filamu, na unaanza kuwasemea wote: Kofia, adui wa Kofia, mchumba wa Kofia, mpaka farasi. Mchumba ulimpa sauti ya shangazi na watu walikuwa wanajikojolea kwa kucheka. Mimi nilikuwa najua kabisa kwamba Wamarekani wakikasirika wanasema, "Eh, bwana, miye usinichokoze!" Niliwaambia hata watoto wa shuleni.

Jina lake la kweli silitaji, kwa kuwa wewe mwenyewe hukulitumia hata mara moja. Watu wa Uvira walimwita Kofia kwa sababu kofia yake haivui, hata kanisani, hata mbele ya hakimu. Na unapobadilisha kaseti ulikuwa unatuhadithia maisha yake. Mama yake alikuwa mfua nguo wa watu wa reli. Yeye mwenyewe alibeba mabonge ya barafu mgongoni, akayapeleka mpaka Holiwudi, na bosi mmoja wa sinema akamwona anavyotembea na mzigo, akasema, huyu ndiye ninayemtaka. Alipanda farasi kabla hajajua kutembea. Alikataa kumbusu mwigizaji mwenzake kwa kumheshimu mke wake. Na alizeeka vizuri, akafa usingizini akiwa na miaka tisini, ng'ombe wake wamezunguka nyumba. Ulisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekuwa kwenye mazishi.

Nilipokuwa mkubwa uliniambia kwa nini ulikuwa unaizima pale kisimani. Ilikuwa baada ya vita. Kofia alianguka, na mzee mmoja aliyewazika wanawe wawili akasimama katikati ya banda, akauliza, "Hata hapa?" Kisha akatoka. Tangu siku hiyo ukawa unaizima mapema na kumalizia kwa mdomo. "Watu wanakuja hapa na wafu wao," ulisema. "Mimi siwaongezei mwingine."

Niliona hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote duniani. Bado naiona nzuri, na ndiyo iliyoniharibu.

Sasa nikwambie la kwangu. Nimelizunguka vya kutosha.

Ile siku ya Flemingsberg, mwezi wa tatu, hospitali walikuwa wamepanga mkalimani wa simu. Unakumbuka? Aliposema tu habari za asubuhi ukanishika mkono. "Sauti hii naijua. Huyu ni yule wa kwaya. Kesho mpaka Malmö watajua tumbo langu." Ukamwambia daktari, kwa Kiswidi chako cha kazini, simu hapana, binti yangu ndiyo. Daktari alikuwa msichana mdogo, mdogo kwangu labda. Alisita. Akaniuliza kama naweza. Nikasema naweza.

Alisema una kansa kwenye kongosho na imeshaingia kwenye ini. Alisema hakuna dawa ya kuiondoa. Alisema wiki kadhaa, labda miezi miwili. Alisema polepole, akinyamaza baada ya kila sentensi ili nikufikishie, na kila aliponyamaza uliniangalia.

Nikasema, "Papa, anasema ini lako limechoka. Kuna uvimbe. Watakupa dawa, lakini itachukua muda."

Ukauliza muda gani. Nikasema mpaka kiangazi.

Halafu daktari akauliza lile swali. Alikusogelea, akakutazama wewe, siyo mimi, akauliza ni kitu gani cha muhimu zaidi kwako sasa, kuna mtu unayetaka kumwona, kuna jambo unalotaka kulimaliza. Papa, nilikwambia anauliza unapenda chakula gani.

Ulicheka. "Mwambie ugali na ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, na wasiniwekee yale maviazi yao." Nami nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiswidi safi kwamba baba yangu anataka kuwa nyumbani na familia yake. Akaandika. Macho yake yalijaa machozi. Akaniambia nimefanya vizuri.

 Sikukuficha ugonjwa tu. Nilikujibia. Uliulizwa swali la mwisho la maana maishani mwako, na nikalijibu mimi.

Kwenye treni ya kurudi ulikuwa na furaha. Ulihesabu kwa vidole, mwezi wa nne, wa tano, wa sita, ukasema, "Basi mwezi wa saba naenda Uvira. Nitamkuta Deo." Ukaongeza maneno mawili matatu juu yake, nitayafikia. Nilishtuka. Wewe na mdogo wako, Papa mdogo Deo, mlikuwa hamjasemezana neno tangu alipomzika Bibi bila kukungoja, miaka tisa, na nyumbani kwetu jina lake lilikuwa halitamkwi. Nikakwambia, mpigie leo. Nilikuwa nimeanza kuogopa. Ukanikemea: "Mambo kama haya siyo ya simu. Mtu anaenda, anaonekana."  Ningeweza kusema palepale, Papa, hakuna mwezi wa saba. Watu walikuwa wachache kwenye behewa. Nikakwambia tu funga zipu, kuna baridi.

Wiki iliyofuata ulinunua sanduku, la kijani, lenye magurudumu manne. Ukamwagiza Mama akufulie mashati na kuyapiga pasi, na mengine mapya ya kumpelekea Deo. Watu wananifariji, wananiambia labda ulijua moyoni, wazee hujua. Sitaki. Mtu anayejua hajaribu magurudumu ya sanduku ukumbini akishangilia jinsi yanavyoteleza.

Ulikufa baada ya wiki tano. Siku mbili za mwisho hukuweza kusema.

Mama aliamini kosa ni la daktari. Alikuwa akisema, "Wazungu walijua, wakanyamaza. Wamemwacha mume wangu afe kama mtu aliyegongwa na gari." Aliwaambia hata wamama wa kanisani. Na mwezi uliopita akaniletea karatasi na kalamu, akaniambia niandike malalamiko kwa Kiswidi kizuri, nitaje jina la yule msichana, aulizwe, na ikiwezekana afukuzwe. Nikasema nitaandika. Kila Jumapili alikuwa akiniuliza, umeshaandika? Nilimjibu bado, nina kazi nyingi. Mimi huyo.

Na Uvira, Papa mdogo Deo alikuwa akiwaambia watu kwamba ulikufa ukiwa na kinyongo naye. Alikuwa amepunguza kula. Mkewe ndiye aliyetuambia.

Kwa hiyo Jumanne, badala ya kuandika, niliingia maktaba pale Skärholmen, nikaketi kati ya wanafunzi. Sikuwa natafuta chochote. Nikaona kitabu kinene cha waigizaji wa zamani wa Marekani, nikafungua, na Kofia yumo. Bila kofia! Ana upara, Papa. Alikuwa na upara tangu ujana, ndiyo maana hakuivua.

Baba yake alikuwa daktari wa meno. Hakubeba barafu hata siku moja, alisomea uigizaji na alikuwa anajua kucheza piano. Aliogopa farasi mpaka anatapika, kwa hiyo anayeonekana kwa mbali akikimbiza farasi ni mtu mwingine. Kampuni ndiyo iliyombadilisha jina na kumtungia ule ufukara. Alichoka kuwa mtu yuleyule. Siku moja aliomba acheze mwalimu mwoga anayekimbia wanafunzi wake, akacheza vizuri sana, wanasema, na watu hawakwenda kuiangalia, na kampuni haikumpa nafasi ya pili. Akaanza kunywa. Wake watatu. Niliyasoma yote hayo nikitabasamu, nikiwaza jinsi ambavyo ungebisha.

Kisha nikafika mwisho. Alikufa na miaka hamsini na sita. Ilikuwa kansa. Enzi zile daktari alimwambia mke, siyo mgonjwa, na mke na watu wa kampuni wakakubaliana asiambiwe, aimalize ile filamu. Wakamwambia ni mgongo. Filamu yenyewe ni yetu, Papa, ile ya kisima. Alipokuwa akiigiza anakufa, alikuwa anakufa, na kila mtu aliyesimama nyuma ya kamera alijua isipokuwa yeye. Alikuwa na binti aliyegombana naye. Alipanga kwenda kumwona kazi ikiisha. Binti alikuta jeneza limefungwa, na hakukaa tena meza moja na mama yake, yuleyule mke aliyeficha, mpaka mama akafa.

Nilikifunga kile kitabu. Msichana mmoja wa meza ya pili aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia hapana.

Kesho yake niliiangalia filamu mpaka mwisho. Na Jumapili, Mama alipoweka sufuria mezani na kuuliza umeshaandika, nilimwambia. Yote. Daktari alisema nini, nami nikasema nini. Ndagala na viazi. Kiangazi.

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliukunja na kuukunjua mkono wa gauni lake. Akasema, "Uliniacha nimpigie pasi mashati ya safari."

Akasema tena, "Mimi pia nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia. Ulinikatiza maneno mimi pia."

 Nilipiga magoti pale jikoni, Papa, kwa umri wangu huu, na hakuniinua. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpigie Deo. Nataka kusikia ukisema."

Papa mdogo aliitika kutoka Uvira, watoto wanapiga kelele nyuma yake. Nilimweleza kwamba hukujua. Nikamwambia ulikuwa unakuja, ulikuwa umeshapanga sanduku.  Kisha akauliza, "Alisema nini juu yangu? Usinipambie. Nipe maneno yake."

Haki ya Mungu nilikuwa na mazuri tayari kinywani. Alikusamehe. Alikupenda. Alilia akikutaja. Yangemshibisha yule mzee, na nani angenijua? Mama alikuwa ananitazama tu. Nikavuta pumzi, nikasema ulivyosema kwenye treni, neno kwa neno: "Nitamkuta Deo. Simuombi msamaha, na yeye asiniombe. Lakini nitakula kwake."

Nilisikia akitoa simu sikioni. Watoto wakanyamaza, nadhani aliwaonyesha mkono. Aliporudi alikuwa analia, na katikati ya kilio akasema, "Huyo ni yeye. Huyo ni kaka yangu kabisa." Akamwita mkewe, akamrudishia yale maneno, yote, kwa sauti yako, Papa. Sikujua kwamba mna sauti moja.

Usidhani nimepona. Mama anajibu salamu yangu, basi. Sufuria hanipi tena. Kwa daktari yule nimeandika barua, siyo ya malalamiko, nikimweleza ni nani aliyeongea siku ile. Sijui atanionaje. Anastahili kujua ugali na ndagala vilikuwa nini.

Na jana Mama, akiwa ameshika mlango ili nitoke, aliniambia, "Siku yangu ikifika, wewe usiingie."

Nimemwahidi. Nakuahidi na wewe, kwa maandishi, uwe shahidi. Nitamsindikiza mpaka kwenye kiti cha daktari, nitamvua koti, na nitatoka nje. Mtu mwingine atamwambia, na atamwambia mpaka mwisho. Akiulizwa ni nani anataka kumwona, atajibu mwenyewe. Na kama hatanitaja mimi, sitaingia.

Kwa heri, Papa. Kansa. Wiki kadhaa. Hakuna dawa. Nilipaswa kukwambia.

Binti yako