Kondakta Hakunisahau

Shipshewana, Indiana
12 Machi 2011

Mpendwa mwanangu Lovina,

Hujambo, mwanangu? Watoto hawajambo? Goti la mumeo limepata nafuu? Huku tu wazima, ila mume wangu Orva anakohoa kutwa nzima na kudai hakohoi. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo mgonjwa.

Tangu tumzike mama yako sina raha. Nasema "tumzike" na wala sikuwapo.

Unajua alipohamia Montana aliniachia aproni yake nyeupe ya harusi. "Nitunzie, Verna, nitarudi kufia nyumbani." Hakurudi. Nikaipiga pasi, nikaipakata siku mbili ndani ya treni, ili dada yangu avikwe, kama ilivyo desturi yetu kuzika mke na aproni ya harusi, kabla jeneza halijafungwa.

Kondakta alichomeka kikaratasi juu ya kiti changu, kuonyesha nashukia Malta, kituo cha kwenu. "Lala tu, mama, nitakuamsha. Mimi simpitishi mtu kituo chake." Asubuhi akapanda binti mwenye mtoto mchanga, nikamwachia kiti changu cha dirishani, nikahamia nyuma. Kikaratasi nikakiacha palepale. Nimepanda treni hizi miaka thelathini, Lovina. Najua ukihama, unahama nacho.

Niliamka tunaingia Havre, kituo kinachofuata baada ya Malta, saa ileile ya maziko. Yule binti akashika kichwa. "Kumbe ni wewe! Alikuja kuniamsha mimi, nikamwambia sishuki. Akazunguka behewa zima akiita Malta, Malta! Na wewe umejifunika shali gubigubi!"

Nilipofika kwenu kwa gari la kukodi, mama yako alikuwa ameshafukiwa, amevaa aproni yako wewe ya harusi, uliyoitoa sandukuni kwa mikono yako. Mezani baba yako, shemeji Enos, akaniuliza, "Kondakta alikusahau, sivyo?" Nikaendelea kula. Akasimama mbele ya watu wote, machozi yanamtoka, akamsamehe yule kondakta. Nami nikaitikia amina.

Aproni ya mama yako nimeifunga pamoja na barua hii. Ni yako sasa. Nisalimie Mahlon na wanawe, na mwambie Dorcas blanketi lake namalizia.

Barua hii msomee baba yako kwa sauti, usiruke neno kwa kunionea huruma. Amesamehewa mtu asiye na kosa. Mwenye kosa alikaa palepale mezani, akala, na hadi leo hajaomba msamaha. Naomba sasa.

Mungu awatunze nyote, na amlaze dada yangu pema.

Mama yako mdogo, akupendaye kwa haya nyingi,
Verna