Diski Inagoma Njiani, na Mjukuu Wangu Hakomi

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usinizungushe, shule mimi niliipita kwa nje. Mjukuu wangu wa kike ameifufua kompyuta kuukuu aliyoniachia marehemu mume wangu, anataka kuitia Linux, programu ya kuiendeshea kompyuta, ambayo anasema ni ya bure na haiilemei mashine nzee, ili awachapie watu barua humu humu chumbani ninamoshonea mapazia, maana kazi ameitafuta mpaka soli zimekwisha. Sasa diski aliyoichoma inaanza vizuri, maandishi yanateremka kama mvua, halafu kimya, skrini imeganda. Mwingine angelia. Huyu hapana! Anachomoa printa, anajaribu, anairudisha, anachomoa spika, anajaribu, hagusi mambo mawili kwa mpigo, kama mimi ninavyousaka uzi uliokunja pazia, na nikimuuliza, "We mtoto, ubishi huo umeurithi wapi?" ananijibu, "Kioo si hicho hapo, bibi?" Hana adabu hata chembe! Nami namsaidia: ikiganda tu nachomoa waya ukutani isije ikaungua, analalamika, namwambia anyamaze, umeme si mwenzake. Lakini baba yake kaapa Jumamosi anaiuza kama chuma chakavu, na binti aende mbali akauze dukani kwa shangazi yake. Nimzuie huyo baba, au nitakuwa nalea kiburi cha binti?

Bibi Mapazia

Bibi Mapazia, shikamoo, na sasa nisikilize. Anayeiua kompyuta hiyo huenda ni wewe! Mashine nzee husoma diski kwa kujikongoja; skrini kusimama si kufa. Tazama kitaa cha diski. Kikipepesa, bado inasoma: toa mkono ukutani, kaa ushone. Kikizima na kimya kikazidi, binti ahakiki faili alilopakua, achome diski nyingine kwa kasi ndogo kabisa, na kwenye menyu ya kuwashia achague hali rahisi ya picha, kwani mashine kuukuu nyingi hugomea hapo. Bado? Apime memori. Moja moja, kama anavyofanya. Huo ni mwendo wa fundi aliyeiva, namvulia kofia.

Mwanao naye! Kompyuta yako, chumba chako, unamwogopea nini? Chuma chakavu akatafute kwake. Hulei kiburi, unalinda kazi ya mtu.

Ila barua nzima umemmwagia mjukuu sifa, na yeye anachosikia ni "nyamaza". Mwite leo, baba yake akiwepo, umwambie uliyoniambia mimi. Usimung'unye maneno. Kufoka kwa sauti unajua. Msifu kwa sauti hiyo hiyo.