Kamba za Kimo cha Mama Yako

Mjukuu wangu Hodan,

Amani ya Mola ikufikie huko Eldoret. Sisi wa Garissa tu wazima, ila goti langu linalalamika kila nikisujudu. Mama yako anakusalimu.

Umeniuliza mbona nilimwacha mama yako kule kijijini Kotile akiwa na miaka minne. Sikumwacha. Nilikimbia kipigo cha babu yako nikaja Garissa kwa kaka yangu. Wazee wa ukoo wakaamua mtoto abaki kwa baba, nami nimwone siku za mnada wa mifugo, kwa kuwa mbele ya watu babu yako asingethubutu kunigusa.

Kisha, mwaka ule wa mafuriko, miaka ya tisini, homa ikashika mbuzi na watu, mnada ukafungwa. Babu yako akaniletea ujumbe: "Njoo nyumbani umchukue." Nikafunga mzigo. Nilimtaka mwanangu hata kwa kupigwa.

Kabla sijapanda lori, dereva alinipa kamba kutoka kwa mama mkwe wangu. "Anasema hiki ndicho kimo cha mtoto, ni mzima. Anasema usije, mwanawe, mumeo, hajatulia."

Alimpenda mwanawe, wallahi, lakini hakumfichia ubaya wake.

Nikarudi kwa kaka yangu. Kila lori lililofaulu kuvuka tope lilileta kamba nyingine. Nilizinyoosha mkekani, nikajilaza kando yazo.

Mnada ulipofunguliwa, nilimsimamisha mama yako nikampima. Alikuwa ameizidi kamba ya mwisho kwa vidole viwili.

Hodan, vidole vile viwili alivyokua bila mimi kuviona navililia hadi leo.

Ayeeyo, bibi yako