Mstari Mweupe

Nyansiongo
2 Machi 1966

Mwanangu Angwenyi,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili tu. Na wewe, kifua kimepona?

Mwanangu, naogopa. Ng'ombe wa jirani yetu Machogu amekufa, na mtoto wake amevimba mguu. Wanasema ni buibui wanaotembea juu ya maji kwenye bwawa langu, eti mimi mchawi, nawatuma. Nimesikia wakitaja moto. Wewe kazi yako huko ni wadudu. Nakutumia chupa mbili: buibui wa bwawa langu, na wa kijito cha Machogu. Niandikie ni nini hawa, wasomewe.

Mama yako, Bitutu


Nairobi
11 Machi 1966

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Kifua kimepona. Usiogope! Hawa ni buibui wavuvi tu. Hukaa ukingoni miguu ya mbele ikigusa maji, kiluwiluwi akitikisika wanamrukia. Ng'ombe hawamwezi.

Nimewatazama kwa kioo cha kukuzia siku nzima, maana wanafanana mno, hata mkubwa wangu wa kazi alidanganyika. Lakini si wamoja, Mama! Wa kwako ana mstari mweupe kila ubavu. Wa Machogu hana, yeye ana madoa mgongoni. Ni aina mbili tofauti kabisa. Wasomee wote.

Mwanao, Angwenyi


Nyansiongo
20 Machi 1966

Mwanangu,

Nakusalimu. Mimi si mzima, silali.

Barua yako ilinifurahisha hata nikampa Machogu mwenyewe aisome mbele ya watu nje ya kanisa. Alipofika kwenye mstari mweupe alirudia mara mbili. Akasema, "Mmesikia? Hata mtoto wake amekubali. Wa kwake si kama wa kwetu." Bonareri, rafiki yangu wa miaka yote, akamvuta mtoto wake mbali nami. Barua hawakunirudishia. Leo nimekuta nyasi kavu zimerundikwa nyuma ya nyumba.

Jamani Angwenyi, kwa nini uliandika yote?

Mama yako


Nairobi
24 Machi 1966

Mama,

U mzima? Waambie nilikosea. Waambie mwanao ni mjinga, kioo kilikuwa kichafu. Nenda kwa mjomba kule Marani leo hii, usingoje kufunga mizigo.

Nimepewa ruhusa, Ijumaa ijayo niko hapo na chupa zote mbili. Nimechukua wembe nikakwaruza mstari wa yule wako, na madoa ya yule wa Machogu, hadi vimetoka. Wembe uliteleza, mguu mmoja wa buibui wako umekatika. Watajionea wenyewe. Ni wamoja, Mama. Ni wamoja.

Mwanao